MAVAZI YA MPANDA PIKIPIKI
Shauri kwa vijana wa Kibera na Kawangware, na kwa wazee waliowanunulia vyombo

Mara nyingi mambo huwa hivi. Mzee aliyeko shambani huuza ng'ombe wawili, au hukata miti yake ya mikaratusi, akazituma fedha Nairobi ili mwanawe anunue pikipiki na kujitafutia riziki. Siku ya kununua, chombo huangaliwa kwa macho manne. Injini hupigwa na kusikilizwa, matairi hubonyezwa, taa hujaribiwa, na karatasi za bima husomwa mpaka herufi ya mwisho. Jioni kijana huingia Kawangware kwa Barabara ya Naivasha, au hushuka Kibera kwa Kibera Drive, na rafiki zake humpigia makofi. Kila kitu kimenunuliwa, ila jambo moja limesahauliwa. Chombo kina bima, lakini mwenye kukiendesha amevaa kofia ya kitambaa, shati jepesi, na ndala miguuni.

Makala haya yameandikwa kwa ajili ya kijana huyo na mzee huyo. Yameandikwa pia kwa karani aendaye kazini kila asubuhi akiwa nyuma ya pikipiki, maana barabara haimbagui abiria na mwendeshaji.

ASILI YA KAZI HII

Wazee wa mpakani wanakumbuka ya kuwa boda boda ilianza na baiskeli huko Busia, katika miaka ya 1960, kwa kuwavusha watu na mizigo kati ya Kenya na Uganda. Mwaka 2008 Serikali ya Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani juu ya pikipiki ndogo, zile ambazo injini zake hazifiki sentimita 250 za ujazo. Tangu hapo vyombo hivi vimeenea mijini na vijijini, na vijana wengi waliokosa kazi wamepata chakula kwa njia hiyo. Kazi ni ya halali, wala hakuna sababu ya kuidharau. Lakini kila kazi ina vazi lake. Mwashi wa chuma huvaa miwani, mrina asali hujifunika uso, na mchimba mawe havai kandambili. Iweje mpanda pikipiki aende kama mtu aliyetoka kuoga?

Tena sheria imekwisha kusema. Sheria ya Barabara ya Kenya, kama ilivyorekebishwa mwaka 2012, yamtaka mwendeshaji na abiria wake wote wawili wavae kofia ngumu na vazi lenye kuakisi mwanga, na yamkataza mwendeshaji kuchukua abiria zaidi ya mmoja. Basi ule mtindo uitwao mshikaki, wa kupakia watu watatu au wanne, ni kosa hata kama kila mmoja wao angevaa kofia.

"AJALI HAINA KINGA"

Ukizungumza na vijana katika stegi zao, wengi watakujibu kwa methali hii: ajali haina kinga. Ni methali ya kweli ikifahamika vizuri. Maana yake ni kwamba mtu hawezi kujua siku wala saa ya ajali. Lakini haikusema kwamba jeraha halina kinga. Huwezi kumzuia dereva wa matatu asigeuke ghafula mbele yako Barabara ya Ngong, ila waweza kuamua tangu asubuhi ni kitu gani kitakachogusa lami kwanza: ngozi ya ng'ombe au ngozi yako.

Natufanye hesabu kidogo. Pikipiki iendayo kilomita 30 kwa saa, mwendo ambao kijana huuona kuwa wa pole, hupita mita 8 na zaidi kwa kila sekunde. Kugonga ukuta kwa mwendo huo ni sawa na kuanguka chini kutoka kimo cha mita 3 na nusu. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa kimo hicho chafika karibu mita 10, kama mtu aliyeanguka kutoka dirisha la ghorofa ya tatu. Hakuna mtu mwenye akili zake ambaye angekubali kutupwa kutoka ghorofa ya tatu akiwa amevaa kofia ya sufu.

KOFIA NGUMU NDIYO YA KWANZA

Mwezi wa Mei 1935, Mwingereza mashuhuri T. E. Lawrence, yule aliyepigana Arabuni katika Vita Kuu ya Kwanza, alikuwa akipanda pikipiki yake katika jimbo la Dorset. Alijaribu kuwakwepa wavulana wawili waliokuwa juu ya baiskeli, akaanguka na kuumia kichwa. Hakuwa na kofia ngumu. Baada ya siku 6 alikufa. Miongoni mwa madaktari walioitwa kumtazama alikuwamo Hugh Cairns, mpasuaji wa ubongo. Daktari huyo alilichukua jambo hili moyoni, akachunguza ajali za askari waliochukua barua kwa pikipiki, na mwaka 1941 akaandika juu ya faida ya kofia ngumu. Mwezi wa Novemba mwaka uo huo jeshi la Uingereza likaamuru wapanda pikipiki wake wote wazivae. Raia wa huko walilazimishwa na sheria mwaka 1973 tu. Twaona basi ya kuwa hata mataifa mengine yalichukua muda mrefu kulikubali somo hili, na wengi walikufa wakati wa kungojea.

Siku hizi ushahidi ni mwingi. Mwaka 2008 wataalamu walikusanya uchunguzi wa nchi nyingi, wakaona ya kuwa kofia ngumu hupunguza hatari ya kufa kwa mpanda pikipiki aliyepata ajali kwa kiasi cha asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69.

Lakini si kila kitu kilicho kigumu ni kofia ya pikipiki. Wako vijana wavaao kofia ya mjenzi. Kofia ile imetengenezwa kumkinga mtu na jiwe liangukalo kutoka juu. Haina kinga ya kutosha pembeni, na huruka kichwani mara moja. Siri ya kofia ya kweli haimo katika gamba la nje peke yake. Ndani ya gamba mna tabaka nene la povu gumu, jepesi, mfano wa lile linalofungiwa televisheni madukani. Kichwa kinapogonga, povu lile hupondeka, na kwa kupondeka kwake hupunguza nguvu ya pigo kabla halijafika kwenye ubongo. Kwa hiyo kofia isiyo na povu hilo, iliyojazwa sponji laini tu, ni pambo.

Kwa sababu iyo hiyo, kofia iliyokwisha kupata ajali imemaliza kazi yake. Povu likipondeka halirudi. Usinunue kofia kuukuu ambayo hujui habari zake, hata ikiwa imepakwa rangi mpya ikametameta. Wala usiipake rangi ya mafuta au kuisafisha kwa petroli, maana vitu hivyo hudhoofisha gamba la plastiki. Watengenezaji wengi hushauri kofia ibadilishwe baada ya miaka 5 hivi, hata kama haikuanguka.

Unapochagua dukani, fanya majaribio haya:

Kwanza, tafuta alama. Kofia zilizopimwa kwa kanuni ya Umoja wa Mataifa, namba 22, huwa na herufi E ndani ya duara, pamoja na namba ya nchi iliyotoa kibali. Kenya nayo ina kanuni yake, KS 77, chini ya Shirika la Viwango, KEBS. Alama huweza kughushiwa, kwa hiyo tazama na povu la ndani, mkanda, na uzito wa kofia.

Pili, ivae. Yapasa ibane mashavu bila kuumiza kipaji. Tikisa kichwa: ikicheza, ni kubwa.

Tatu, funga mkanda wa kidevu, uache nafasi ya vidole viwili tu. Kisha ishike kofia kwa nyuma ujaribu kuivuta juu na kuisukuma mbele. Ikitoka, irudishe kwa mwenye duka. Kofia isiyofungwa mkanda ni sawa na kofia iliyoachwa nyumbani.

Nne, tazama kioo cha uso. Kioo cheusi hupendeza mchana, lakini usiku, katika vichochoro vya Laini Saba au Gatina, humfanya mtu kipofu.

KUONEKANA

Kitu cha pili hakina gharama kubwa, nacho ni kizibao chenye kung'aa. Wachunguzi wa New Zealand waliwatazama wapanda pikipiki wa mji wa Auckland kati ya mwaka 1993 na 1996, wakatangaza matokeo yao mwaka 2004. Waliona ya kuwa waliovaa mavazi ya kung'aa au ya kuakisi mwanga walikuwa na hatari ndogo ya ajali yenye kuumiza, pungufu kwa asilimia 37. Waliovaa kofia nyeupe walikuwa na hatari pungufu kwa asilimia 24 kuliko wenye kofia nyeusi. Hapa pana shauri lisilohitaji hata senti moja: kama kofia nyeupe na nyeusi zina bei moja, chukua nyeupe.

Lakini kizibao kilichojaa vumbi na moshi hakiakisi chochote. Kifue kila Jumapili. Na mvua inapokuja, usikifunike kwa koti jeusi la plastiki. Kivae juu ya koti.

MIKONO, MIGUU NA NGOZI

Mtu aangukapo hutanguliza mikono. Ndiyo maumbile ya binadamu. Kwa hiyo viganja, viwiko na magoti ndivyo hulipa kwanza. Mwaka 2011, wachunguzi wa Australia wakiongozwa na Liz de Rome walitangaza habari za wapanda pikipiki 212 waliopata ajali katika eneo la Canberra. Waliovaa glavu za kazi hiyo walilazwa hospitali kwa nadra zaidi, hatari ikiwa pungufu kwa asilimia 59. Suruali za kazi hiyo zilipunguza hatari kwa asilimia 51, na makoti kwa asilimia 21. Hata buti ngumu za kawaida, zisizotengenezwa kwa ajili ya pikipiki, ziliwakinga wengi na majeraha ya miguu. Lakini uchunguzi uo huo ulionya jambo jingine: zaidi ya robo ya makoti, glavu na suruali ziliharibika vibaya katika ajali. Basi jina zuri lililoandikwa mgongoni si thibitisho la ubora.

Namna ya kuchagua ni hii. Shati na suruali nyembamba za pamba hutoboka upesi mno zikiburuzwa juu ya lami. Suruali ya jinzi ni afadhali kidogo tu, kwani hustahimili muda usiofika sekunde moja au kuupita kidogo. Ngozi ya ng'ombe, iliyo nene ya kutosha, hustahimili mara nyingi zaidi. Kanuni ya zamani ya Ulaya kwa mavazi ya pikipiki ilidai sehemu za kiwiko na goti zistahimili sekunde 4 katika mashine ya kujaribia, na daraja ya juu sekunde 7. Tangu mwaka 2020 kanuni mpya ya huko, EN 17092, huyapanga mavazi kwa herufi, AAA ikiwa ndiyo yenye nguvu kuliko zote.

Mavazi kamili ya namna hiyo ni ghali, na kijana wa Kawangware anayelipa kodi ya chumba na hesabu ya mwenye pikipiki hawezi kuyanunua kwa siku moja. Asikate tamaa. Katika soko la Toi karibu na Kibera, na huko Gikomba, hupatikana makoti ya ngozi na buti za mtumba. Kariokor wako mafundi wa ngozi. Mshoni hodari aweza kushonea vipande vya ngozi juu ya viwiko, mabega na magoti ya koti na suruali ya kawaida. Ila kagua mishono: vuta kwa nguvu, utazame kama uzi wakatika. Ngozi nzuri yenye uzi mbovu hupasuka kama mfuko wa karatasi. Glavu nazo ziwe za ngozi katika kiganja, zenye mkanda wa kukaza kwenye kifundo. Glavu za sufu hutia joto, lakini huteleza na hazikingi.

Viatu vifunike kifundo cha mguu, vifungwe kwa kamba fupi au zipu, na kisigino kiwe imara. Buti za mpira zafaa wakati wa matope, lakini hazishiki kifundo. Ndala na viatu vya plastiki vilivyo wazi havifai kabisa.

BARIDI NA MVUA

Wakaaji wa Nairobi wajua baridi ya Juni, Julai na Agosti. Vijana wengi huvaa koti kinyume, mgongo ukiwa mbele, ili upepo usipenye kifuani. Nia ni njema, lakini koti hilo hubana mabega na kufunga mikono, nalo hujaa upepo nyuma. Afadhali kuvaa nguo nyingi nyembamba ndani, na juu yake koti moja lenye zipu ifikayo shingoni. Mtu aliyeganda vidole hushika breki kwa kuchelewa, na kuchelewa kwa nusu sekunde katika mwendo wa kilomita 50 kwa saa ni karibu mita 7 za barabara. Hivyo glavu ya joto ni kinga ya ajali yenyewe, si ya ngozi tu.

MAMBO YAMPASAYO ABIRIA

Abiria wengi huikataa kofia. Karani husema itamchafulia nywele. Mama husema imevaliwa na watu mia, huenda ina mapunye. Malalamiko haya si ya kuchekwa, maana kofia inayozunguka vichwani mchana kutwa bila kufuliwa huwa chafu kweli. Lakini dawa yake ni rahisi. Mwendeshaji aoshe kitambaa cha ndani kwa sabuni isiyo kali na kukianika kivulini. Abiria naye achukue mfukoni kitambaa safi cha pamba, chembamba, akivae kichwani kwanza. Mapunye hupona kwa dawa. Ubongo uliopasuka hauponi kwa dawa.

Wanawake waangalie nguo ndefu. Leso, buibui, dera, au gurbaba kama wavaavyo mama wa Kinubi wa Makina, huweza kushikwa na mnyororo au gurudumu la nyuma, na mwenye kuvaa akaburutwa chini kabla mwendeshaji hajatambua. Nguo ikusanywe na kukaliwa, na ncha za mtandio zifungwe ndani ya koti. Tena abiria wote wajihadhari na bomba la moshi, ambalo huunguza ndama ya mguu kwa kugusa mara moja wakati wa kushuka. Shukia upande usio na bomba. Na mtoto asiwekwe juu ya tangi la petroli: hana kofia ya kipimo chake, na ndiye atakayetangulia kugonga.

FEDHA ZITOKE WAPI?

Hili ndilo swali kubwa. Shauri letu ni kwamba vitu vinunuliwe kwa utaratibu: kwanza kofia mbili nzuri pamoja na vizibao viwili, kwa kuwa sheria yavidai na uhai wategemea hivyo, pili glavu, tatu buti, nne suruali yenye kinga ya magoti, tano koti. Mtu akinunua kitu kimoja kila baada ya miezi michache, mwaka hautapita mara mbili kabla hajavaa kama inavyopasa.

Katika stegi nyingi vijana wana vyama vyao vya kuchangishana fedha. Kila mwenye zamu hupewa fungu, akalinunulia godoro au simu. Je, haingefaa zamu moja kwa mwaka iwe ya kofia kwa kila mwanachama? Kumi wakinunua pamoja huweza kupatana bei na mwenye duka, na kumtaka aonyeshe bidhaa yenye alama. Na mwenye pikipiki anayemkodisha kijana apaswa kujua ya kuwa chombo bila kofia mbili hakijakamilika, kama vile jembe lisilo na mpini.

Hatutaki kumdanganya msomaji. Mavazi haya hayazuii kila jeraha. Lori likimpita mtu juu, ngozi ya ng'ombe haitamwokoa, wala kofia si ruhusa ya kukimbiza chombo. Mwendo wa pole, taa zinazowaka, na kukataa pombe ndiyo kinga ya mwanzo. Lakini ajali nyingi za mjini ni za kuteleza, kugongwa ubavuni, na kuanguka katika mwendo wa kawaida, na hapo ndipo tofauti huonekana baina ya mtu aliyerudi nyumbani akichechemea na mtu aliyelazwa miezi mingi katika Hospitali ya Kenyatta.

Akilazwa, fedha za matibabu zatoka wapi? Zatoka kule kule zilikotoka fedha za pikipiki, yaani shambani. Ng'ombe wa tatu huuzwa, kisha kipande cha ardhi, na watoto hurudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Kwa hiyo, mzee, siku utakapotuma fedha za chombo, tuma na za kofia mbili, na umwambie mwanao akuletee stakabadhi ya zote.